Watoto wa Mjini Katika Ranchi ya Babu

Kila mwaka shule zifungwapo mwezi wa Agosti, njia kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru hujaa motokaa za wazazi wawapelekao watoto wao kwa babu na nyanya. Wengine huenda kwenye mashamba ya mahindi ya Njoro na Rongai, wengine Subukia, wengine Molo penye baridi, na wengine huishia katika nchi ya nyasi iliyo kati ya Gilgil na Elmenteita, ambako ng'ombe na kondoo ndio mali ya mtu. Miongoni mwa hao wa mwisho walikuwamo karani mmoja wa Nairobi, mkewe ambaye ni muuguzi, na watoto wao watatu: binti wa miaka tisa, mvulana wa miaka saba, na kitinda mimba wa miaka minne. Habari za ziara yao yafaa zisimuliwe, kwa maana mambo waliyoyakuta huko yanazikabili jamaa nyingi za Bonde la Ufa, ingawa si wengi wapendao kuyazungumza wazi.

Babu wa watoto hao amepita umri wa miaka themanini. Ranchi yake ni ekari 90, nayo ina ng'ombe 14 wa mchanganyiko wa Sahiwal, na kondoo 30. Watoto walijua hayo tu. Hawakujua kwamba mfukoni mwa koti la baba yao mlikuwamo barua iliyotiwa sahihi na ndugu zake wawili, ikimtaka yeye aliye mkubwa amwombe mzee aigawe ardhi sasa, angali hai, kabla bei ya viwanja haijashuka na kabla ya ugomvi kuingia.

NJIANI

Mahali pa kwanza pa kusimama palikuwa kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, ng'ambo ya Limuru. Hapo kando ya njia pana kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, wakati walipokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Ni dogo kiasi kwamba yule mvulana alidhani limejengwa kwa ajili ya watoto. Chini yake bonde lilitandazwa hata macho yakachoka, na mlima wa Longonot, wenye urefu wa futi zipatazo 9,100, ulisimama peke yake kama kichuguu.

Walipopita Naivasha na Gilgil walizunguka kidogo kwenda Kariandusi. Hapo ndipo mtaalamu Louis Leakey alipotambua, mwaka 1928, mawe yaliyochongwa na watu wa kale, na katika miaka iliyofuata akachimbua mengi. Mawe hayo yalikuwa mashoka ya mkono. Mengine ni ya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, litokalo katika milima ya moto ya bonde hilo. Umri wake hukadiriwa kuwa karibu miaka milioni moja. Watoto waliyatazama yakiwa yamelala pale pale yalipopatikana.

"Waliyatumia kwa kazi gani?" aliuliza binti.

"Kuchuna ngozi na kukata nyama," alijibu mlinzi wa mahali pale.

"Basi hata wao walikuwa na ranchi," alisema mvulana.

Mlinzi alicheka, akamwambia kwamba watu hao hawakufuga. Waliwafuata wanyama walikokwenda.

MAPOKEZI

Walipofika, mzee alikuwa amesimama langoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuwa akingoja tangu asubuhi. Nyanya alitoka jikoni akipangusa mikono, akawasalimu wajukuu kwa lugha ya nyumbani. Hakuna aliyemjibu. Yule mdogo alijificha nyuma ya mama yake, na wale wakubwa wawili walitazamana. Ndipo mzee alipogeukia Kiswahili, kile Kiswahili cha kazi alichojifunza utotoni kwa wachungaji wenzake, akawauliza kama wameona swala njiani. Hapo ndimi zikafunguka.

Baba yao aliona haya, wala hakuficha. Yeye na mkewe wana lugha mbili tofauti za nyumbani, na nyumbani kwao husemwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo kwa siku zote za ziara ilikuwa desturi kwamba nyanya husema neno, babu hulifasiri, na mvulana hulirudia mpaka nyanya akubali kuwa limesemwa sawasawa. Neno la kwanza lililokubaliwa lilikuwa lile la kumwita ng'ombe aje.

Jioni ile watoto walitaka kuyanywa maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, kama walivyosimuliwa na wenzao shuleni. Nyanya alikataa, akayachemsha kwanza hata yakafura. Mama yao, kwa kuwa ni muuguzi, aliwaeleza sababu: maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa brusela, ambao humpa mtu homa ya kurudi-rudi na maumivu ya viungo, na kifua kikuu cha ng'ombe pia chaweza kupita humo. Nyanya alisikiliza, kisha akasema kwamba yeye aliyajua hayo kabla mkamwana wake hajazaliwa. Wote walicheka, naye muuguzi akacheka kuliko wote.

ARDHI ILIVYOPATIKANA

Siku ya pili babu aliwatembeza wajukuu mpakani. Mwendo wake ni wa polepole, akiegemea fimbo, na kwa ajili hiyo alipata nafasi ya kuwasimulia habari za nchi.

Hapo kale nyasi zile zililiwa na ng'ombe wa Wamaasai. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Naivasha, Wamaasai waliondolewa katika sehemu hiyo ya bonde ili kuwapisha walowezi. Wengi walipelekwa Laikipia, na mapatano ya pili ya mwaka 1911 yakawaondoa huko pia na kuwapeleka kusini. Ardhi ikakatwa kuwa mashamba makubwa ya Wazungu. Watu weusi walioishi humo waliitwa maskwota. Walifanya kazi, nao wakapewa ruhusa ya kulima kipande kidogo na kuchunga mifugo michache. Katika miaka ya 1920 hata mifugo hiyo ilionekana kuwa mingi mno, ikaondolewa mashambani kwa amri. Wazee waliliita jambo hilo Kifagio. Baba yake babu alikuwa mmoja wa waliofagiliwa mbuzi wao.

Babu mwenyewe alizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili katika kibanda cha wafanya kazi, na akiwa mtoto wa umri wa yule mjukuu wake wa kiume alikuwa tayari anachunga ndama wa bwana shamba kwa ujira. Mpango wa ekari milioni moja wa kuwagawia Waafrika mashamba ya walowezi ulianza mwaka 1962, lakini haukumfikia. Baadaye, katika miaka ya 1970, yeye na wafanya kazi wenzake walijiunga katika chama cha ushirika, wakachanga fedha, wakalinunua shamba la mlowezi aliyekuwa akiondoka. Babu aliuza mitamba wake wote kulipia hisa zake. Wenzake wawili walipohama, alinunua na za kwao. Hivyo ndivyo zilivyopatikana ekari 90, na hati yenyewe aliipata baada ya miaka mingi ya kwenda na kurudi ofisini.

"Kwa hiyo ng'ombe wa kwanza kuwa wa kwako ulimpata ukiwa na miaka mingapi?" aliuliza binti.

"Mtamba wa kwanza niliununua nikiwa kijana," alijibu babu. "Lakini nyasi za kumlisha pasipo kumwomba mtu ruhusa, nilizipata nikiwa na watoto watatu."

NG'OMBE NA CHUMVI

Karibu na kisima pana kipande cha gogo kilichochimbwa katikati, na ndani yake babu hutia chumvi ya madini. Mvulana alishangaa kuona ng'ombe wakisukumana kulamba gogo na kuyaacha majani mazuri. Hapo babu alimweleza jambo ambalo kila mfugaji wa sehemu za Nakuru hana budi kulijua.

Mlowezi maarufu, Lord Delamere, alipokuja kukaa nchini mwaka 1903, alipewa huko Njoro ardhi ya ekari 100,000. Nyasi zilikuwa nyingi na za kupendeza. Alileta kondoo wa Merino kutoka New Zealand, na wakafa kwa wingi. Alileta ng'ombe wa kigeni, nao wakapatwa na maradhi. Hatimaye aliyahamishia mategemeo yake Soysambu, kando ya ziwa la Elmenteita, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1931. Katika nchi ya Nakuru mnyama aliweza kula akashiba kila siku, na huku akikonda mpaka kufa, hata maradhi hayo yakapewa jina la mji, yakaitwa Nakuruitis.

Siri ilikuwa katika udongo. Udongo wa sehemu hizo, uliotokana na majivu ya milima ya moto, una upungufu wa madini yaitwayo kobalti. Vijidudu vilivyo ndani ya tumbo la ng'ombe na kondoo huhitaji kobalti ili kutengeneza vitamini B12, na mnyama akiikosa vitamini hiyo damu yake hupungua na hamu ya kula humwisha. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo sana, lakini kisipokuwapo nyasi zote za dunia hazimfai kitu. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo wataalamu wa Australia na New Zealand walipoitambua kazi ya kobalti. Siku hizi mfugaji hununua chumvi yenye madini hayo, na tatizo lililowashinda matajiri humalizwa kwa mfuko mmoja.

Mvulana alilipenda sana neno kobalti. Alilirudia siku nzima, na jioni akampa jina hilo ndama mwekundu aliyekuwa mdogo kuliko wote zizini.

NDAMA AKATAA KUNYONYA

Asubuhi ya siku ya nne binti alikwenda zizini pamoja na nyanya. Alirudi akikimbia, akasema kwamba Kobalti amelala na hataki kunyonya, na kwamba chini ya sikio lake pana kitu kama yai.

Babu alikwenda na kumpapasa. Tezi za chini ya sikio zilikuwa zimevimba, na za mbele ya bega vilevile. Pua ilikuwa kavu na mwili ulikuwa moto. Ndani ya sikio kupe wa kahawia walikuwa wameshikamana kama punje za mtama. Mzee hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa ndigana kali.

Ugonjwa huo huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachopandikizwa na kupe wa sikio. Dalili hazionekani mara ile kupe anapouma, bali baada ya siku nane au kumi, pengine hata wiki tatu. Mnyama asipotibiwa mapema, maji huingia mapafuni, akapumua kwa shida, akatoka povu puani, akafa. Walio hatarini kupita wote ni ndama na ng'ombe wenye damu ya kigeni.

Daktari wa mifugo aliitwa kwa simu kutoka Gilgil, akaja kwa pikipiki kabla ya saa tano. Alimdunga ndama sindano ya dawa iitwayo buparvakwoni ndani ya msuli wa shingo, akasema kwamba wamemwahi, na kwamba siku mbili zaidi zingekuwa kuchelewa. Kisha akauliza swali ambalo hapana budi liulizwe:

"Mzee, mliwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe lini mara ya mwisho?"

Mzee alinyamaza. Nyanya ndiye aliyejibu. Ilikuwa wiki ya nne sasa. Kijana wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi ya ujenzi Nakuru. Bomba la kunyunyizia lilikuwa limeharibika mpini. Na mgongo wa mzee haukumruhusu tena kulibeba bomba lililojaa maji. Alikuwa akingoja kupata mtu mwingine, na siku zikapita.

Daktari hakumlaumu. Alieleza tu kwamba dawa ya kupe hutakiwa kila wiki pasipo kuruka, na kwamba ipo chanjo ya ndigana kali iliyotokana na utafiti wa Muguga, ambayo ndama hupewa mara moja maishani mwake. Chanjo hiyo hugandishwa kwa baridi kali, nayo hupakiwa dozi nyingi pamoja, hata mwenye ndama wawili au watatu hana budi kuungana na majirani wapatane siku moja. Babu alisema kwamba zamani jambo hilo lingekuwa rahisi. Siku hizi majirani zake wa upande wa barabara hawana ndama. Wana nyumba za kupangisha.

Baba wa watoto aliyasikia hayo yote akiwa amesimama kando ya zizi. Siku ile nzima alilitengeneza bomba. Kesho yake aliwanyunyizia ng'ombe wote 14, huku watoto wakiwahesabu kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyanya.

JUU YA MENENGAI

Siku ya sita Kobalti alisimama na kunyonya. Kwa furaha hiyo jamaa wote walipanda motokaa kwenda Nakuru, mji ambao tangu mwezi wa Desemba 2021 una hadhi ya jiji. Walipanda mpaka ukingoni mwa Menengai, penye urefu wa futi zipatazo 7,400. Upande mmoja watoto waliona shimo kubwa la mlima wa moto, likitoa mvuke hapa na pale, ambao siku hizi huchimbwa ili kupata umeme. Upande wa pili waliuona mji, na nyuma yake ziwa Nakuru, ambalo maji yake yamepanda sana tangu mwaka 2010, yakaifunika miti ya kandokando na lango la zamani la hifadhi. Zamani heroe walilipaka ziwa hilo rangi ya waridi. Maji yalipozidi chumvi ilipungua, na mwani wanaoula ukapungua nao, hata wengi wakahamia maziwa mengine.

Babu hakutazama ziwa. Alionyesha kwa fimbo upande wa mashamba, mahali ambapo mabati yaling'aa kwa jua, moja baada ya jingine.

"Pale," alimwambia mwanawe, "nilipokuwa kijana palikuwa na ng'ombe wa maziwa. Na pale ngano. Wenyewe waligawa, na watoto wao wakagawa tena. Siwalaumu. Kila mtu ana shida zake. Lakini sasa wananunua maziwa dukani."

Mwanawe aliutia mkono mfukoni, kisha akautoa mtupu.

PUNJE 90

Usiku ule, baada ya chakula, mzee alisema mwenyewe: "Tangu ulipofika mkono wako uko mfukoni. Nipe hiyo karatasi."

Alipewa, akaomba miwani, akaisoma taratibu mpaka mwisho. Wote walidhani atakasirika. Badala yake alimwita mjukuu wake wa kike, akamtuma alete mahindi, akamwambia ahesabu punje 90 juu ya meza.

"Hii ndiyo ranchi," alisema. "Sasa wagawie watoto wangu."

"Wako wangapi, babu?"

"Barua hii inasema watatu."

"Watano," alisema nyanya kutoka pale alipokaa. "Nilizaa watano. Wasichana wawili hawakufa, waliolewa tu."

Hakuna aliyembishia. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haibagui kati ya mtoto mume na mtoto mke ikiwa mtu amefariki bila wasia, na wote waliokuwapo mezani walilijua hilo, ingawa barua ililisahau.

Binti aligawa: mafungu matano, kila fungu punje 18. Babu akamwambia kwamba katika nchi kavu kama ile ng'ombe mmoja hutaka karibu ekari tano za malisho. Mtoto akahesabu tena: kila fungu ng'ombe watatu, na punje tatu kubaki. Kisha babu akamwambia aligawe fungu la baba yake kwa watoto wake watatu. Zikawa punje sita kila mmoja.

"Mimi nitakuwa na ng'ombe mmoja," alisema binti.

"Na mimi nitakuwa na Kobalti," alisema mvulana. Kisha akafikiri. "Lakini kisima kiko kwenye fungu la nani?"

Watu wazima walinyamaza. Kisima ni kimoja, na mlango wa kutolea ng'ombe ni mmoja, na bomba la dawa ni moja.

Ndipo baba yake aliposema neno ambalo pengine hakukusudia kulisema alipoondoka Nairobi. Alisema kwamba ndugu zake wana haja ya kweli: mmoja ana karo za watoto wawili chuoni, mwingine ana deni. Haifai kuwaambia kwamba ardhi ni ya kutazamwa tu. Walakini kwa yale aliyoyaona wiki hiyo, ranchi iliyobaki nzima bila mtu mwenye nguvu za kubeba bomba itakufa kama vile ile iliyokatwa vipande, ila itachukua muda mrefu zaidi.

Mzee alikubali. Alisema kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akiwaficha watoto wake udhaifu wake, kwa kuogopa kwamba wakiujua watakuja na mtu wa kupima viwanja.

Nyanya akauliza mbona hakuna aliyemtaja binti yao mdogo. Huyo alisomea mifugo huko Egerton, Njoro, katika chuo ambacho kilipofunguliwa mwaka 1939 kilikuwa kwa Wazungu tu, hata mumewe nyanya asingeweza kuingia humo ila kwa kufagia. Sasa ameajiriwa na chama cha ushirika cha maziwa, na mara nyingi amesema kwamba angependa kufuga. Hajaulizwa, kwa sababu ameolewa.

Jambo halikumalizwa usiku ule, wala halikupasa kumalizwa. Lakini walipatana kwamba mwezi wa Desemba watoto wote watano wataitwa, na si watatu. Walipatana pia kwamba litazungumzwa shauri la kupima ekari 10 za upande wa barabara, ili wenye haja ya fedha wapate, na kuziacha ekari 80 zilizobaki, pamoja na kisima, ziwe mali moja ya watu watano, kwa maandishi ya wakili, chini ya usimamizi wa yule atakayekubali kukaa na kulipwa mshahara wake. Mtu yeyote atakayegawa ardhi ya kilimo sharti apate idhini ya Bodi ya Kusimamia Ardhi ya mahali hapo, kwa sheria ya mwaka 1967. Nayo bodi huuliza maswali. Mzee alisema ni afadhali waulizane wenyewe kwanza.

Barua aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake pamoja na hati ya shamba. Punje 90 nyanya alizirudisha ndani ya debe.

KWAHERI

Siku ya kuondoka nyanya aliwafungia mayai, viazi na siagi. Yule mdogo, aliyejificha siku ya kwanza, alilia akishika kanga yake, akamwaga kwa lugha ya nyumbani, maneno mawili tu, lakini yalisemwa sawasawa. Mvulana alikuwa na kazi yake. Alikwenda kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani jikoni, akatia duara kwa kalamu nyekundu kila Jumanne mpaka mwisho wa mwaka, ili babu asisahau siku ya dawa ya kupe. Baba yake naye alikuwa amekwisha mpata kijana wa jirani wa kubeba bomba, na ujira wake wa miezi minne akaulipia.

Wazazi wengi huwapeleka watoto shamba ili wakapate hewa safi na maziwa. Ni jambo jema. Lakini mtoto aliyepewa nafasi ya kutazama huweza kuona tezi iliyovimba kabla ya mwenye ng'ombe kuiona, na huweza kuuliza kisima ni cha nani wakati watu wazima wamekwisha kuyazoea maswali yao. Yafaa waende, na yafaa wazee wawaambie ardhi ilipatikanaje, kwa gharama gani, na kwa nini ng'ombe hulamba gogo.

Kila Jumanne jioni simu hulia katika nyumba ya karani yule huko Nairobi. Mvulana huikimbilia kabla ya wenzake. Babu humwambia kwamba ng'ombe wote wamenyunyiziwa, na kwamba Kobalti anakula majani. Kisha simu hupewa nyanya, ambaye husema neno moja jipya, na watoto watatu hulirudia kwa zamu mpaka atakapokubali.